Fundi wa faiba anakuja Jumamosi, boksi niweke wapi?

Mama_Goba:
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kwa mliofungiwa faiba, ile intaneti ya waya wa kioo, nyumbani maana fundi anakuja Jumamosi na mimi huku akili haijatulia.

Niko Goba, tumepanga nyumba ya nyuma, fensi moja na mwenye nyumba, yeye anakaa ya mbele. Mwaka wa pili sasa nafanyia kazi nyumbani, hesabu za kampuni ya nje, kila asubuhi kikao cha video na nategemea bando la simu, wanaotumia bando kwa vikao wanajua, mwezi haujafika hata katikati hela imeisha na picha imeganda watu wanakuita tu jina. Kwa hiyo faiba ilivyofika mtaani kwetu nilifurahi mno.

Juzi kaja kijana wa vipimo, kapima kutoka nguzoni mpaka ukutani kama mita 70, kasema hamna shida, akaonyesha kona ya dirisha la sebuleni, "boksi la waifai litakaa hapa dada". Sasa chumba changu cha kazi kiko mwisho wa korido, kuta tatu katikati. Halafu kuna jirani nyumba ya tatu walimfungia mwezi uliopita, ikafanya kazi siku nne ikawaka taa nyekundu, wiki ya pili hii anaambiwa subiri mafundi wanakuja. Nimeenda kuiangalia mwenyewe, imeandikwa LOS, inawaka inazima inawaka inazima. Mama wa watu kalipa na mtoto wake anasoma kwa mtandao, imeniuma sana.

Naombeni mnisaidie, boksi likae wapi, umeme ukikatika inakuwaje, na mwenye nyumba nimwambie au nikae kimya maana ni tundu moja tu la ukutani?

Fundi_Mstaafu:
Dada pole na hongera kwa pamoja. Mimi nimevuta faiba miaka sita kabla sijahamia kwenye sola, ngoja nikuambie ambayo kijana wa vipimo hana muda wa kukuambia.

Kona ya dirisha kaichagua kwa sababu ndiyo karibu na nguzo na kazi inaisha mapema, sababu nyingine hakuna. Mwanga kwenye faiba hauchoki kwa mita chache, kilomita nzima ya waya inakula chini ya nusu desibeli, ndiyo kipimo cha mwanga unaopotea, sasa mita 15 za korido yako ni nini? Kinachochoka ni waifai ikikutana na ukuta. Kwa hiyo mwambie waya wa faiba uingie mpaka katikati ya nyumba, boksi likae korido juu kidogo, usawa wa juu ya mlango, lisifichwe kwenye kabati wala nyuma ya tivii. Halafu kutoka hapo vuta waya wa LAN, ule wa kuchomeka kompyuta kwenye boksi, mpaka kwenye meza yako ya kazi, hata wa aina ya Cat5e ya kawaida unabeba Mbps 1,000 ndani ya mita 100. Kwa vikao vya video hakuna kitu kinachoshinda waya.

Kuhusu jirani. LOS maana yake mwanga haufiki kwenye boksi, na mwanga wenyewe ni kidogo tangu mwanzo. Unatoka kituo cha kampuni ya mtandao mmoja, njiani unagawiwa nyumba 32 hata 64, na kila ukigawa mara mbili desibeli 3 zinaondoka. Ukifika kwako umebaki wa kuhesabu, hapo ndipo kosa dogo linakuwa kubwa, waya umekunjwa kwenye kona, konekta ina vumbi, lori refu limevuta waya uliolegea barabarani. Na kuna moja linanikera mpaka leo, fundi anakuja kumfungia mteja mpya, boksi la nguzoni limejaa, anachomoa waya wa mteja wa zamani anachomeka wa mpya anaondoka. Jirani yako waangalie hilo kwanza.

Wewe Jumamosi usimwache fundi afunge begi kabla hajakuonyesha pawa mita, mashine ya kupima mwanga unaofika. Namba inakuwa na alama ya kutoa, ikiwa -15 mpaka -24 lala usingizi. Boksi nyingi zinafanya kazi mpaka -27 lakini ukianza na -26 siku ya kwanza huna akiba, mkunjo mdogo tu taa nyekundu hiyo. Piga picha hiyo namba uitunze, siku ikiharibika unayo ya kulinganisha. Na konekta angalia rangi, ya kijani iingie kwenye ya kijani, bluu na kijani havioani kwa sababu ncha ya kijani imekatwa mshazari.

Bin_Kisutu:
Mwenye nyumba mwambie dada angu tena leo. Mimi nilitoboa kimya kimya, siku nahama ikawa kesi. Muonyeshe tundu litapita wapi, mkubaliane ukihama waya unabaki au unatolewa, meseji moja ya simu inatosha ukiihifadhi. Wazee wengi hawana tatizo na faiba, wana tatizo na kutoambiwa.

Mwana_Mombasa:
Salaam aleikum. Nakuunga mkono Fundi hapo kwa kuta. Sie nyumba ya bibi iko Mji wa Kale, kuta za mawe na chokaa, nene karibu nusu mita zile. Boksi waliliweka barazani na chumba cha pili tu waifai ilikuwa haifiki, simu inaonyesha kijistari kimoja. Tulihangaika na vile vijiboksi vya kurudisha waifai, hasara tupu, chenyewe kinapokea dhaifu kitatoa nini. Mwisho tukavuta waya wa LAN mpaka juu tukafunga rauta ya pili huko, sasa bibi aongea na wajukuu wako Muscat na uso waonekana vizuri. Nasi twafurahi sana kwa hilo.

Pia kumbuka waifai ina mawimbi mawili, GHz 2.4 na GHz 5. 2.4 inapenya kuta zaidi lakini polepole, 5 ni mbio lakini ukuta waishinda. Vitu vya mbali viweke kwa 2.4.

Fundi_Mstaafu:
Nilisahau umeme. Hapa faiba ina uzuri mmoja watu hawaujui, boksi la kugawa mwanga kule nguzoni halitumii umeme kabisa, ni kioo tu. Kwa hiyo TANESCO wakikata mtaa mzima, kituoni kwao kukiwa na jenereta na boksi lako likiwa na umeme, mtandao unaendelea. Nunua mini UPS, betri ya akiba, ya volti 12, vile vidogo kama kitabu, ila kwanza soma nyuma ya adapta ya boksi volti ngapi na ampea ngapi, vilingane. Boksi linakula kama wati 10 hivi, linakaa masaa kadhaa.

kijana_wa_segerea:
Nyongeza, laini ya simu usiitupe. Mei 12, 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, za EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, Tanzania nzima tulihangaika, faiba ya nyumbani isingekusaidia siku ile maana tatizo lilikuwa baharini huko. Na ukipima spidi usishtuke, Mbps 20 ni kama megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, watu wanapakua faili wanadhani wameibiwa.

Mama_Goba:
Jamani mbarikiwe. Mwenye nyumba nimemwambia jioni hii, kaja na tochi kuangalia ukuta, karuhusu. Kaka Fundi swali moja, nina mtoto wa miezi tisa anatambaa, kuna hatari yoyote?

Fundi_Mstaafu:
Siku ya kufunga mtoto apelekwe kwa jirani. Fundi akimenya waya anakata uzi wa kioo mwembamba kama unywele, vile vipande vikianguka sakafuni havionekani na vinaingia kwenye ngozi, kwa anayetambaa ni goti na kiganja. Mwambie afanyie kazi mezani juu ya kitambaa cheusi na vipande avikusanye kwa selotepu, usifagie, fagio linavitawanya. Na mtu yeyote asichungulie ncha ya waya, ule mwanga hauonekani kwa macho lakini upo.

Mama_Goba:
Mrejesho. Wamekuja saa nne wamemaliza saa tisa.

Fundi alitaka kona ya dirisha, nikasema hapana kaka, korido. Akakuna kichwa, nikamwambia hata ikibidi niongeze hela ya waya naongeza, akakubali na hela hakuchukua. Mtoto nilimpeleka kwa mama mdogo. Wakaunganisha kwenye ile mashine yao, nikaomba kuona namba, ikasoma -27.9. Kaka Fundi bila wewe ningesema asante nikawatoa na soda. Nikasema mbona kubwa hivi, yule kijana naye akakubali si nzuri, akatoa kalamu yake ya mwanga mwekundu akachomeka kwenye waya akazima taa ya korido. Pale kwenye kona ya dari waya mweupe ukawa unang'aa mwekundu kama kaa la moto, klipu imegongelewa mpaka imeubana. Wakaing'oa, wakaulegeza ukazunguka kona taratibu, wakapima tena, -21.4. Picha ninayo.

Nikawaomba wapite kwa jirani, hawakutaka maana siyo kwenye orodha yao ya siku, nikawabembeleza, wakapanda nguzoni. Waya wake ulikuwa unaning'inia nje ya boksi, umechomolewa. Kama ulivyosema. Wakamtafutia nafasi, taa ya PON, ya kuonyesha boksi limeungana na kituo, ikapepesa ikatulia kijani, yule mama alinishika mikono yote miwili.

Umeme umekatika saa moja usiku na bado nawaandikia hapa kwa faiba.

Fundi_Mstaafu:
-21 safi kabisa, umenifurahisha dada, hasa hilo la jirani. Tundu la ukutani kwa nje wameliziba? Na waya kabla haujaingia tunduni waliuacha ushuke kidogo chini ya tundu ndipo upande? Kama unaingia moja kwa moja, mvua itafuata waya mpaka ndani.

Mama_Goba:
Nimetoka na tochi sasa hivi, waya umeshuka vizuri ila tundu liko wazi. Naenda dukani kwa Mangi kuulizia silikoni kabla hajafunga.