Bei za supamaketi hubadilika kila kukicha: ni nani huzipanga?

Mkazi wa Umoja:
Hamjambo, wanabaraza. Nakaa Nairobi, na kwa kuwa supamaketi iko njiani nitokapo kazini, huingia humo karibu kila jioni. Linalonitatiza ni kwamba lita moja ya mafuta ya kupikia huuzwa kwa bei moja siku ya Ijumaa, na ifikapo Jumatatu imepanda kwa shilingi arobaini na zaidi, ilhali chupa ni ileile na haijasogezwa rafuni. Bei ya nyanya kupanda na kushuka naielewa, kwa sababu mvua ikizidi Kirinyaga au Kajiado, zao huoza shambani. Lakini mafuta na sabuni hunyeshewa wapi?

Mnunuzi Mstaafu:
Nilifanya kazi katika idara ya ununuzi ya duka la aina hiyo kwa miaka kadhaa. Huenda bei uliyoiona Ijumaa ndiyo iliyokuwa ya muda: mtengenezaji au msambazaji hukubaliana na duka kwamba bidhaa fulani ishushwe bei kwa siku chache, yeye mwenyewe akibeba sehemu ya punguzo hilo, kisha tarehe za kuanza na kumaliza ofa huingizwa kwenye kompyuta huko makao makuu, na muda ukiisha bei hurudi ilipokuwa bila mtu yeyote kugusa chupa. Ofa nyingi hupangwa wikendi na mwisho wa mwezi, watu wakiwa na mshahara. Duka nalo halipotezi, kwani aliyefuata mafuta ya bei nafuu hutoka pia na mchele, maziwa na biskuti za watoto ambazo hazikupunguzwa hata senti.

Hesabu za Jikoni:
Naafiki, ila ofa hizo huficha mabadiliko mengine ya polepole. Mafuta mengi tunayopikia hutokana na mawese ghafi yanayoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia na kulipiwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Dola ikishuka, wauzaji hudai kwamba shehena iliyopo ilinunuliwa ikiwa juu. Ajabu ni kwamba hoja hiyo haisikiki dola inapopanda. Kisingizio chao cha petroli kupanda pia kipimwe: EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, hutangaza bei za mafuta ya magari tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo hakielezi tofauti ya kila wikendi.

Mama Sabuni:
Ndugu zangu, tazameni gramu pia. Kipande cha sabuni kinaweza kubaki na bei yake mwaka mzima huku uzito ukipunguzwa na karatasi yake ikibaki vilevile.

Mkazi wa Umoja:
Nashukuru. Je, lebo ya rafuni ikionyesha bei ya ofa, halafu keshia akatoza ya juu?

Mnunuzi Mstaafu:
Hilo hutokea hasa asubuhi baada ya ofa kumalizika, kwa sababu kompyuta hubadilika usiku ilhali lebo za karatasi hubadilishwa kwa mkono na wahudumu wachache. Usilipe kwanza. Ipige picha lebo hiyo, kisha mwombe keshia amwite msimamizi. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwonyesha mteja nafuu ya bei ambayo haipo, na wasimamizi wengi hulijua hilo. Kwa kawaida hukubali bei ya lebo, kisha humtuma mtu aibandue kabla hujafika mlangoni.