Naomba ushauri: nimwelezeje binti yangu kwa nini Dalton aliamini atomu asizoziona?

Mzazi wa Kidato cha Pili:
Wadau, habari za jioni. Juzi binti yangu alirudi na daftari lenye hoja za nadharia ya atomu ya John Dalton ya mwaka 1808: kwamba maada imeundwa kwa chembe zisizogawanyika, kwamba atomu za elementi moja hulingana kwa uzito, na kadhalika. Amezikariri barabara, kama nilivyozikariri mimi enzi zangu, lakini aliponiuliza, "Baba, huyo Dalton aliziona wapi?", nilibaki kukuna kichwa. Nifanyeje ili aelewe?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu mzazi, Dalton, aliyekuwa akifundisha mjini Manchester, hakuziona. Alizifikia kwa njia ya mizani. Funika kwanza hilo daftari, umpeleke dukani. Unga utapimiwa kiasi chochote utakacho, lakini mayai utauziwa mawili au matatu, wala hakuna muuzaji atakayekukatia yai na robo. Kisha mwonyeshe kaboni. Gramu 12 za kaboni zikiungana na gramu 16 za oksijeni hupatikana kabonimonoksidi, ile gesi ya sumu ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Zikiungana na gramu 32 hupatikana kabonidioksidi. Oksijeni imeruka kutoka 16 hadi 32, mara mbili kamili, bila kutua kwenye 20 wala 27. Muulize yeye mwenyewe kama oksijeni inafanana na unga au na mayai. Wagiriki walikwisha kuzungumzia chembe zisizogawanyika zaidi ya miaka 2,000 kabla yake, ila Dalton ndiye aliyezipa uzito.

Fundi wa Maabara:
Naunga mkono, ila usimfiche makosa ya Dalton. Yeye alidhani kwamba maji ni atomu moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni, kwa kuwa aliona mpango rahisi ndio wa kuanza nao, na kwa hiyo uzito wa oksijeni katika hesabu zake ukatoka chini ya nusu ya huu tunaoutumia leo. Gay-Lussac wa Ufaransa alionyesha kwamba ujazo 2 wa hidrojeni huungana na ujazo 1 wa oksijeni, Dalton akakataa. Avogadro, mwanasayansi wa Italia, alitoa ufumbuzi wa mvutano huo mwaka 1811, nao ukapuuzwa kwa takriban miaka 50. Hoja ya kutogawanyika nayo ilianguka mwanafizikia Thomson alipogundua elektroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya atomu, mwaka 1897.

Mzazi wa Kidato cha Pili:
Ahsanteni sana. Mfano wa mayai ulimwingia mara moja, lakini kabla sijamsomea jibu la Fundi akaniuliza: ikiwa mizani inatoa uwiano wa uzito tu, Dalton alijuaje idadi ya atomu ndani ya maji? Nilimpa simu asome mwenyewe.