Fundi kapaka rangi juu ya mafuta ya jikoni, rangi yote inabanduka, na pesa yangu hataki kurudisha

Ndugu zangu, naandika nikiwa nimesimama jikoni kwangu, hapa Kireka, nje kidogo ya Kampala, na mkononi nina ganda la rangi pana kama kiganja. Sikutumia kisu. Nilikwaruza kwa ukucha pembeni ya sinki tu, likaja lote, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Rangi hii haijamaliza wiki sita ukutani.

Nyumba ni ya marehemu baba. Taili za jikoni ni zile za zamani, za kahawia zenye maua, na zimeshika ukuta vizuri mpaka leo. Fundi wa taili alinieleza kwamba akizibandua, plasta nayo itakuja, hivyo nitalipia plasta mpya, taili mpya na siku za kazi. Sina pesa hiyo, nina ada za watoto watatu. Ndipo nikaamua kupaka rangi. Na kabla hamjaanza kuniambia taili hazipakwi rangi: zinapakwa. Kama hazichezi na hakuna bomba linalovuja nyuma yake, zikiandaliwa vizuri rangi inakaa miaka. Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno kuandaa.

Tulikubaliana shilingi 780,000. Vifaa 430,000, ufundi 350,000. Aliandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari: kuosha mafuta, kupiga msasa, praima, rangi mikono miwili. Tena akaniambia, "Nyabo (yaani mama), kupaka ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuandaa, ndiyo maana bei iko hivi." Nikakubali, kwa sababu alisema kweli. Alijua kabisa kazi inavyotakiwa kufanywa. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Siku ya kwanza nilitoka saa moja asubuhi kwenda kazini. Niliporudi jioni nilikuta mkono wa kwanza umeshapigwa, ukuta wote mweupe unang'aa. Nilifurahi, nikamkaangia mayai na chapati. Sikujiuliza vumbi liko wapi. Ukipiga msasa taili za jikoni nzima, vumbi jeupe linatua kwenye masufuria, kwenye pazia, kwenye chumvi. Jikoni kwangu hakukuwa na chembe. Juzi nimefungua mfuko wa vifaa alioacha nyuma ya mlango: karatasi sita za msasa nilizonunua, tano hazijaguswa, bado zimekunjwa kama zilivyotoka dukani.

Halafu jana ndiyo nikaona la kuona. Nimebandua kipande karibu na jiko, na chini yake kuna stika ya bablishi. Mwanangu wa mwisho aliibandika pale mwaka jana, picha ya gari jekundu. Fundi hakuitoa. Kapitisha rola juu ya stika! Na pembeni yake, nyuma ya rangi, mafuta ya kukaangia bado yapo, ya njano, yananata kwenye kidole. Moshi wa sigiri, jiko la mkaa, nao upo, ukifuta na kitambaa kinatoka cheusi. Mtu aliyeosha ukuta huu hata mara moja angekutana na stika hiyo.

Kwa wasiojua: uso wa taili ni kama kioo, haunywi rangi. Ukuta wa plasta unanyonya, rangi inapata pa kujishika. Taili haina vinyweleo, kwa hiyo lazima uiondolee mafuta kwanza, kwa maji ya moto na sabuni kali au magadi, usuuze, iache ikauke, halafu upige msasa, namba 220 hivi inatosha, mpaka ule mng'ao ufe. Silikoni ya zamani, ile gundi ya kuzibia maji kwenye kona za sinki, unaikata yote, maana hakuna rangi inayoshika juu ya silikoni. Futa vumbi. Kisha praima ya kushikia nyuso laini. Kisha rangi. Ukiruka mafuta na msasa, hata ununue rangi ya bei gani, umepaka juu ya utelezi.

Duka nalo lina lawama yake. Niliomba epoksi ya taili, ile ya makopo mawili, rangi na hadina yake ya kuigumisha, unachanganya kwa kipimo kilichoandikwa na unaitumia kabla haijagandia ndoo. Kwenye risiti wakaandika epoksi. Kumbe fundi, aliyeenda kuzichukua, alirudi na kopo moja la rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango na madirisha. Duka lilimpa, naye alipokea. Chenji sikuiona.

Nimempigia simu mara nne. Mara ya kwanza alisema ni mvua za Aprili. Mbona tarehe alichagua yeye? Mara ya pili alisema, "Nyabo, ni mvuke wa matoke yako." Nyumba gani ya Kampala haipiki matoke? Tunayafunga kwenye majani, yanakaa motoni masaa, na mvuke unapanda ukutani. Alikuwa anapaka jikoni, hakuwa anapaka chumba cha kulala. Tena alinihimiza nipike kesho yake, wakati epoksi yenyewe inataka karibu wiki nzima bila maji wala mvuke ili ikomae. Mara ya tatu na ya nne hakupokea.

Nyongeza: mnaoniambia nipake tena juu yake, hapana. Mkono mpya utashika ule wa zamani, na wa zamani haujashika chochote. Lazima yote itoke kwanza, nami ndiye ninayekwangua kila usiku watoto wakilala. Ukuta wa dirishani umebaki.

Nyongeza ya pili: aliyeuliza kama niende polisi, nimeshauriwa nianzie LC1, yaani baraza la kijiji chetu. Mahakama za LC zinasikiliza madai ya deni na mikataba yasiyozidi shilingi 2,000,000, na langu liko chini ya hapo. Mzee mwenyekiti amemwita fundi Jumamosi saa nne. Nadai 350,000 ya ufundi na tofauti ya bei kati ya epoksi na kopo alilolileta. Nina karatasi ya daftari yenye mwandiko wake, risiti ya duka, karatasi tano za msasa, na ganda la rangi lenye gari jekundu, nimelitia kwenye bahasha lisivunjike. Kama kuna mtu hapa ameshasimama mbele ya LC kwa kesi ya fundi, naomba aniambie waliuliza nini.