Uhadhiri msaidizi chuoni au mkataba wa utafiti?

Mkaazi wa Kahawa: Hamjambo wenzangu. Chuo kikuu kimoja cha umma hapa Nairobi kimetangaza nafasi ya mhadhiri msaidizi, na maombi yanafungwa Ijumaa. Wakati huohuo, taasisi fulani ya utafiti imenipa mkataba wa miaka miwili na inataka jibu Alhamisi. Mngekuwa mimi, mngechagua lipi?

Mzee wa Maabara: Ndugu yangu, unauliza bei ya kushona nguo bila kutuonyesha kitambaa. Taaluma yako ni ipi? Umesajiliwa kwa shahada ya uzamivu, au unayo ya uzamili pekee?

Bint Omari: Hata kabla hajajibu, mimi nasema utafiti. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulichukua siku 49, na kilichodaiwa ni malimbikizo ya mishahara ya mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021.

Mwalimu Chaki: Mgomo huisha, Bint Omari, lakini ajira ya kudumu hubaki. Mkataba wa utafiti hufa siku mfadhili anapofunga mfuko.

Karatasi Nyekundu: Angalia kwanza kama tangazo linasema ajira ya kudumu au kazi ya muda. Mimi nilifundisha muhula mzima kwa kazi ya muda katika chuo ambacho sitakitaja. Nilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia mbili, na karatasi zao nilizisahihishia kwenye meza ya jikoni, sufuria ikiwa upande mmoja na alama upande wa pili. Fomu yangu ya madai ilipotea katika idara ya fedha. Nilipojaza nyingine, nikaambiwa kwamba mkuu wa idara aliyepaswa kuitia sahihi alikuwa amekwisha kuondoka. Baada ya miezi kumi na minne nililipwa nusu. Nusu nyingine naidai hadi leo.

Mzee wa Maabara: Pole sana. Lakini mwenye mada bado hajajibu.

Mwalimu Chaki: Akiamua kuomba, aanze leo kutafuta cheti cha tabia njema na vibali vya KRA (mamlaka ya ushuru) na HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), kisha apige chapa nakala kumi za maombi.

Bint Omari: Nakala kumi katika zama hizi? Vyuo vingine hupokea maombi kwa barua pepe.

Mwalimu Chaki: Vingine hudai vyote viwili, na bahasha isiyoandikwa nambari ya tangazo haifunguliwi.

Mkaazi wa Kahawa: Samahani kwa kuchelewa. Taaluma yangu ni isimu, na pendekezo langu la uzamivu limepitishwa. Msimamizi wangu anafundisha katika idara hiyohiyo iliyotangaza nafasi.

Mzee wa Maabara: Hilo ndilo ulilotuficha! Amekubali kuwa mdhamini wako?

Mkaazi wa Kahawa: Hapokei simu tangu Jumatatu. Nimeambiwa huwa ofisini Jumatano asubuhi, kwa hiyo kesho nitamngojea mlangoni.