Apple Hill: donati za moto, pai iliyookwa, au pai mbichi ya kwenda kuoka nyumbani?

Kipepeo_Sac
Wakuu, Jumamosi moja katikati ya Oktoba tunapanga kutoka Sacramento kwenda Apple Hill, eneo la mashamba ya matufaha kule Camino, California. Tuko sita: watu wazima wawili, watoto watatu na bibi yao. Ni kama kilomita 80 kwa barabara kuu ya 50. Mashamba ya familia huko yanapita 50, na kwa siku moja hata matano hatutayamaliza. Kati ya donati za sharubati ya tufaha, pai iliyookwa na pai mbichi iliyogandishwa, kipi kinafaa zaidi, na kinunuliwe saa ngapi?

Mkaango190
Donati kwanza, maana hiyo haina subira. Wengi huzifuata shamba la Rainbow Orchards. Shamba la High Hill Ranch wanajulikana zaidi kwa pai. Usitarajie andazi la hamira. Donati hii huumuliwa kwa baking powder na maziwa ya mtindi, ndani yake ni kama keki, karibu zaidi na hafukeki. Sharubati huchemshwa mpaka ipungue sana ndipo itiwe kwenye unga. Ikitiwa nyepesi, unabaki na ladha ya dalasini tupu.

Mafuta yanatakiwa yawe karibu nyuzi 190 za Selsiasi. Yakipoa, donati hunywa mafuta na kuacha doa kubwa kwenye karatasi. Ukiona sukari ya juu imelowa, ujue zilifunikwa zikiwa na moto, mvuke ukaiyeyusha. Omba mfuko wa karatasi, acha mdomo wazi, na mle hapo hapo. Kwa watu sita dazeni moja inatosha. Dazeni ya pili ya kupeleka nyumbani ni hasara, kesho yake zitakuwa kavu.

Bi_Oveni
Naafiki kuhusu donati, ila kwa pai nasimama na ile mbichi. Pai iliyookwa ikisafiri ndani ya gari lenye joto, kisha ikakatwa kabla haijapoa, ujazo wake, yaani matufaha ya ndani, unamwagika na ganda la chini linalowa. Wanga unaoshika maji ya tufaha haujakaza mpaka pai ipoe kwa muda wa saa tatu au nne.

Ile iliyogandishwa ibebeni kwenye kasha lenye barafu, msiiyeyushe. Washa oveni Farenhaiti 425 (Selsiasi 220) na trei iwe ndani tangu mwanzo, reli ya chini. Weka pai juu ya trei hiyo ya moto, dakika 20, kisha shusha hadi 375 (190) kwa dakika 40 hadi 55. Kingo zikianza kuungua, zifunike kwa foili. Rangi ya juu isikudanganye: pai imeiva pale ujazo unapotokota katikati, mapovu mazito na ya polepole. Watu hukosea hapo, wanaitoa kingo zikitokota huku katikati bado ni maji.

Shangazi_Halali
Kabla ya kulipa, uliza maswali mawili. Ganda la pai limetengenezwa kwa siagi, mafuta ya mboga au mafuta ya nguruwe? Donati zinakaangwa kwa mafuta gani? Mapishi ya zamani ya Marekani hupenda mafuta ya nguruwe kwenye ganda, na kwa macho huwezi kutambua.

Kuhusu kinywaji: kule "cider" ni sharubati ya tufaha isiyochujwa, haina kilevi. Yenye kilevi huitwa "hard cider", na baadhi ya mashamba huuza zote mbili. Soma pia lebo ya chupa. Sharubati isiyopashwa moto kuua vijidudu lazima iwe na onyo kwa mujibu wa sheria, kwa sababu inaweza kubeba E. coli. Bibi na watoto wasinywe hiyo.

Kipepeo_Sac
Shukrani, shangazi. Na muda je? Tukifika saa tano asubuhi?

Mkaango190
Saa tano Jumamosi ya Oktoba mtakuta foleni ya magari na foleni ya donati kwa pamoja. Fikeni mlango unapofunguliwa. Mashamba mengi hufungua kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kwa hiyo hakikisheni saa za shamba lenu. Kama mnaweza kuhamishia Jumanne au Jumatano, hamisheni, ila ulizeni kwanza kama jiko la donati linawaka siku hizo, maana baadhi hukaanga wikendi tu.

Bi_Oveni
Donati mkifika, pai mkiondoka, isikae garini mchana kutwa. Mkitaka na matufaha ya kuoka wenyewe, chukueni Granny Smith, yana uchachu na hayapondeki. Huchelewa kuiva, kwa hiyo katikati ya Oktoba ulizeni kama yameshachumwa. Kwa pai ya inchi 9 kilo moja na robo hivi inatosha.