Kundi la vijana wa mwanasiasa hugeuka lini kuwa wanamgambo?

Mwalimu wa Historia aliuliza:

Hamjambo, ndugu zangu. Ninafundisha historia katika shule ya upili, na wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tatu alibaki darasani wenzake walipotoka, akaniuliza swali lililonikosesha usingizi. Kaka yake amejiunga na kundi la vijana wanaomlinda mwanasiasa mmoja katika mikutano ya hadhara. Mwanzoni walipewa fulana za rangi moja na posho ya siku. Sasa wameanza kukutana usiku, na kabla ya kuingia kila mmoja huacha simu yake mlangoni, ndani ya ndoo. Mtoto huyu anataka kujua kama kaka yake ni mhalifu. Sipendi kumjibu kwa kubahatisha. Je, ni wapi walinzi wa mikutano, au hata watu wenye malalamiko ya haki, wanapovuka mpaka na kuwa wanamgambo, na sheria ya Kenya inasemaje?

Wakili Mstaafu alijibu:

Mwalimu, nianze na neno lenyewe, kwa maana linatupotosha. Mgambo kwa asili ni wito wa kuwakusanya watu, ndiyo tukasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kwa jirani zetu wa Tanzania mgambo ni chombo halali cha dola. Tunachokizungumzia hapa ni jeshi la mtu binafsi, na hilo Katiba ya 2010 imelikataza mara mbili. Kifungu cha 91 kinakizuia chama cha siasa kuanzisha au kudumisha kikosi cha mfano wa kijeshi au wanamgambo, na Kifungu cha 239 kinamzuia mtu yeyote kuunda kikosi cha namna hiyo kwa kisingizio cha kulinda usalama wa taifa nje ya utaratibu wa Katiba na sheria. Ipo pia Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 2010, ambayo chini yake serikali ilipiga marufuku makundi 33 mwezi Oktoba mwaka huo.

Lakini orodha hiyo yenyewe ina funzo. Iliwaweka pamoja genge la Mungiki na Baraza la Jamhuri ya Mombasa, MRC, waliokuwa wakisema kuwa Pwani si Kenya. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliiondoa marufuku dhidi ya MRC. Mtu anaweza kuyachukia maneno yao, nami siyapendi, ila neno peke yake si bunduki. Mimi hutazama mambo mengine: je, kuna mafunzo ya kupigana, kuna amri inayotoka kwa mtu mmoja, kuna kiapo, kuna silaha? Kanuni ya Adhabu inamshtaki anayewaapisha watu ili watende uhalifu hata kabla uhalifu huo haujatendeka. Ndoo ya simu si ushahidi wa kosa, lakini ningekuwa mzazi wa kijana huyo, ningestuka.

Mzaliwa wa Likoni alijibu:

Wakili amesema kweli, nami naongeza nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa na umri wa miaka 11 usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi waliokula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo walipokishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua askari, wakabeba bunduki, kisha wakageukia nyumba na vibanda vya watu wa bara. Mama aliwaficha watoto watatu wa jirani yetu mvungu wa kitanda hadi alfajiri. Asubuhi, kule kivukoni, watu walikuwa wamesongamana na magodoro vichwani, na mzee aliyekuwa akituuzia mkate alikuwa miongoni mwao. Hakurudi tena.

Waliouawa katika machafuko yale ni watu wapatao 100, na waliohama ni maelfu kwa maelfu. Ninawafahamu baadhi ya vijana walioingia msituni. Hasira yao juu ya ardhi na kazi za bandarini na hotelini haikuwa ya uongo, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kuitumia. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na wengi wa waliofukuzwa walitarajiwa kuupigia kura upinzani. Tume ya Jaji Akiwumi ilipochunguza, ilibainika kwamba habari za viapo zilikuwa zimevifikia vyombo vya usalama kabla ya damu kumwagika. Jambo hilo linaniuma mpaka leo kuliko yote: habari zilikuwepo, hatua haikuchukuliwa. Baadaye polisi walipokuja, walikamata na kupiga vijana wa Kidigo ovyo ovyo, wakiwemo wasiojua njia ya kuelekea hiyo Kaya.

Mwenyeji wa Elgon alijibu:

Poleni, ndugu wa Likoni. Kwetu Mlima Elgon lilianza na ardhi vilevile, mpango wa makazi wa Chebyuk. Watu walioachwa nje ya ugawaji waliwakaribisha vijana wa SLDF, kundi lenye silaha la Wasabaot, kama watetezi wao, wakawapa chakula kwa hiari. Haukupita muda, hiari ikawa kodi. Aliyekataa kulipa, au aliyeshukiwa kusema na polisi, alikatwa sikio; ninao majirani wanaofunga leso kichwani hadi leo si kwa sababu ya baridi. Uchaguzi wa 2007 ulipokuja, kundi lile lilikuwa likiamua nani asimame na nani anyamaze. Zaidi ya watu 600 waliuawa, wengi wao Wasabaot wenzao.

Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wakakusanywa kijiji kwa kijiji. Wako waliochukuliwa siku hizo ambao wake zao hawajaonyeshwa kaburi. Kwa hiyo, mwalimu, usidhani aliyeliunda kundi anaweza kulivunja atakapo.

Mwalimu wa Historia aliuliza tena:

Asanteni sana, nimeyasoma haya mara mbili. Je, nimshauri mtoto huyu aende kuripoti?

Mwenyeji wa Elgon alijibu:

Hapana, mwalimu, usimtume mtoto peke yake, maana kwetu walioonekana wakiingia ofisi ya chifu walijulikana kabla ya jua kuzama. Mtafute mama yao kwanza, uzungumze naye faraghani. Kama kijana hajala kiapo, bado anaweza kuondoka kwa kisingizio cha kwenda kwa mjomba au kutafuta kazi mji mwingine, na watu watamsahau. Akishaapishwa, kuondoka ni habari nyingine kabisa, na hapo mtahitaji wakili na afisa mnayemwamini kwa pamoja. Fanyeni hivyo wiki hii.