Mzee nyayo zinamuwaka moto usiku, anataka kuacha dawa ya kolesteroli. Naombeni ushauri

BintiMwanga
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kuhusu baba yangu, hasa kwa wenye uzoefu na dawa za kushusha mafuta kwenye damu.

Mzee ana miaka 63, mwalimu mstaafu, anaishi Moshi na mama. Kisukari anacho kwa zaidi ya miaka kumi, anatumia metformini. Presha anatumia amlodipini. Mwaka jana alipata kiharusi kidogo, mdomo ukapinda na mkono wa kulia ukalegea, ila kwa neema ya Mungu amerudi vizuri kwa sehemu kubwa. Alipotoka hospitali aliandikiwa aspirini na atovastatini miligramu 40, ya usiku.

Sasa miezi ya karibuni nyayo zinamuwaka moto. Mchana anajikaza, shida ni akishapanda kitandani. Hataki hata shuka imguse vidole. Mama anasema usiku wa manane anaamka na kumkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, kakanyaga sakafu ya simenti kwa miguu mitupu, eti ubaridi ule ndio unampa nafuu. Vidole navyo vimekufa ganzi, anasema anajihisi kama kavaa soksi wakati hajavaa kitu.

Jirani kamsomea kwenye simu kwamba dawa za kolesteroli zinaharibu mishipa ya fahamu. Tangu siku hiyo mzee amesema hazimezi tena. Nimempigia nikamsihi asiache mpaka nimuulizie. Kliniki yake ni mwezi ujao. Je, ni kweli dawa hizi zinaleta hali hii? Aache? Abadilishiwe? Nawasilisha.

Mangi_Kibosho
Pole dada. Mwache mzee apumzike na hayo makemikali. Mama yangu mdogo aliachana nayo, akawa anakunywa kitunguu saumu na limao kila asubuhi, mpaka leo anadunda. Dawa za wazungu zinatibu hapa zinaharibu pale.

Mfamasia wa Zamu
Dada BintiMwanga, pole sana, na umefanya vizuri kumzuia. Mkuu Mangi, kwa heshima zote, mama mdogo hatujui kama aliwahi kupata kiharusi. Huyu mzee amepata. Kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, statini (ndilo kundi la dawa za kolesteroli kama hiyo atovastatini) haipo pale kwa ajili ya kupendezesha namba ya maabara. Ipo ili damu isigande tena juu ya yale mafuta yaliyojishika kwenye kuta za mishipa. Ukiikata ghafla unamrudisha mtu kwenye hatari ileile iliyomlaza hospitali.

Sasa swali lenyewe. Je, statini inaweza kuumiza mishipa ya fahamu? Karatasi ya ndani ya boksi inalitaja jambo hilo, kwenye kundi la madhara ya nadra. Wasiwasi ulikua mkubwa mwaka 2002 pale utafiti wa Denmark ulipoonyesha kwamba watumiaji wa statini walikuwa wakipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu ya miguuni kuliko wengine. Lakini mwaka 2017 watafiti wa hukohuko Denmark walilirudia suala hilo kwa wagonjwa wengi zaidi, wakakuta uhusiano huo haupo. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba haiwezekani kabisa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kwa mzee wako kuna washukiwa wawili wanaotangulia mbele ya statini: kisukari chenyewe, na metformini.

Ndiyo, metformini. Ikitumika miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 tumboni, na B12 ikishuka mishipa ya fahamu ya miguuni huanza kulia. Ganzi na moto wake hufanana kabisa na ule wa kisukari, kiasi kwamba mgonjwa huambiwa "ni sukari tu hiyo" miaka na miaka, kumbe kuna kitu cha kutibika.

Kinachojulikana zaidi kwa statini ni maumivu ya misuli, na hayo yana sura yake. Hushika mapaja, nyonga, mabega, pande zote mbili. Mtu anashindwa kuinuka kwenye kiti au kupanda ngazi. Hayaanzi kwenye ncha za vidole. Moto unaoanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, ukapanda pole pole kama soksi na kuzidi usiku, huo ni wa mishipa ya fahamu. Ukiwa mguu mmoja na unatokea kiunoni, tunafikiria mgongo. Na kama ni shavu la mguu linalobana akitembea halafu linaachia akisimama, hapo ni damu haifiki vizuri, na mtu huyo ndiye anayeihitaji statini kuliko wote.

Naomba unijibu haya: ganzi ilianza lini hasa, kabla au baada ya statini? HbA1c yake ya mwisho, yaani kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ilikuwa ngapi? Ana dawa nyingine yoyote, hata ile anayojinunulia mwenyewe dukani?

Kisauni Mweupe
Salaam alaikum jamani, niko Mombasa. Nisiseme dawa hizi hazina madhara, maana ami yangu zilimpata. Alikuwa kwa simvastatini, akaenda kutibiwa vidudu vya tumbo, akapewa dawa tatu pamoja na klarithromaisini ndani yake. Hakuna aliyemwambia asimamishe ile ya mafuta. Hazikupita siku nyingi mapaja yakawa kama yamepigwa rungu, hawezi kuinuka msalani, na mkojo ukatoka rangi ya chai kavu. Tukamkimbiza, akalazwa, akatundikiwa maji, Alhamdulillahi figo zikasalimika.

Lakini yale yalikuwa misuli, si moto wa nyayo. Leo anatumia rosuvastatini kwa kipimo kidogo na hana neno. Nakusihi dada, mzee akiona mkojo umegeuka rangi na misuli imekwisha nguvu, msingoje kliniki.

Mfamasia wa Zamu
Kisauni, ahsante kwa kulileta hilo. Klarithromaisini na simvastatini hazikai pamoja kabisa, na atovastatini nayo inahitaji tahadhari. Tena dada, mzee asibadilishiwe dukani kwenda simvastatini kwa sababu ni ya bei nafuu. Anatumia amlodipini, na mtu wa amlodipini simvastatini yake isizidi miligramu 20 kwa siku.

BintiMwanga
Ahsanteni sana. Nimempigia mama tukaongea kwa utulivu. Kumbe ganzi si ya juzi. Mama anasema hata kabla ya kiharusi mzee alikuwa anatoka uani kurudi ndani, kandambili moja inabaki njiani na yeye hana habari mpaka watoto wamwambie. Moto ndio umekuja baadaye. HbA1c ya mwisho mama hakumbuki, ila sukari ya asubuhi wanaipata 11, wakati mwingine 12.

Dawa nyingine: anameza omeprazo kila siku kwa ajili ya tumbo, ana miaka mingi nayo. Na wiki iliyopita jirani huyohuyo kamletea vidonge vya neva, vyenye B1, B6 na B12. Hajavianza bado.

Mfamasia wa Zamu
Kandambili hiyo imesema mengi. Mguu uliokuwa haujui kama umevaa au haujavaa kabla ya statini kuingia nyumbani, ulikuwa umeshaanza kuumia. Mishipa ya fahamu inapoharibika huweza kuanza na ganzi ya kimya, moto ukafuata nyuma.

Na omeprazo inaongeza uzito upande wa B12. Ili B12 ya kwenye chakula iachiwe tumboni panahitajika tindikali, na omeprazo inaizuia tindikali. Ukiweka metformini na omeprazo kwa mtu mmoja kwa miaka, B12 inabidi ipimwe.

Hivyo vidonge vya neva naomba visubiri kidogo. Si sumu. Ila akivianza leo, kipimo cha B12 kitasoma juu na daktari atadhani yuko vizuri. Damu itolewe kwanza. Halafu watu wengi hawajui kwamba B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi na moto wa miguu. Kila wiki nakutana na wagonjwa wanaoongeza vidonge kwa sababu miguu haiponi.

Msisubiri mwezi ujao. Waombe waiwahishe kliniki, wapime B12, HbA1c, figo, na tezi ya shingo. Tezi ikiwa mvivu hupandisha kolesteroli, huumiza misuli na huleta ganzi, vyote kwa mpigo, na watu wanabaki kulaumu dawa. Kama ana maumivu ya misuli pia, waongeze kipimo cha CK, kinachoonyesha kama misuli inaharibika.

Ntimba78
Kuna mtu ameuliza kama anatumia dawa ya kuzuia TB? Isoniazidi inaleta moto wa nyayo vibaya sana asipopewa B6 pamoja nayo. Na pombe je?

BintiMwanga
Hapana kaka, TB hajawahi. Pombe aliacha ujanani.

Mangi_Kibosho
Mimi sibishani na mfamasia, ila swali langu linabaki. Mbona kila anayetumia hizi dawa analalamika? Wote wanasingizia?

Nesi Upendo
Mkuu, hakuna anayesingizia, maumivu wanayoyasikia ni ya kweli. Kuna jaribio lilifanyika London, matokeo yalitoka 2020. Walichukuliwa watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mzima, mwezi mmoja walimeza statini, mwezi mwingine kidonge kisicho na dawa, mwezi mwingine hawakumeza kitu, na miezi ya vidonge hawakujua wanameza kipi. Miezi ya kidonge kitupu waliumia karibu sawasawa na miezi ya dawa. Takriban asilimia 90 ya adha ilikuwepo hata bila dawa ndani. Baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu walirudi kwenye dawa. Mtu akishasomewa mabaya ya kidonge, mwili unakaa macho kukisubiri. Sisemi ndicho kilichompata mzee wetu, yeye ana ugonjwa wa neva unaoonekana. Najibu swali lako tu.

Na kuhusu "makemikali ya wazungu", statini ya kwanza iligunduliwa Japani na Akira Endo miaka ya 1970, kutoka kwenye ukungu. Ule unga wa mchele mwekundu uliochachushwa unaouzwa kama tiba asilia ya kolesteroli una kiini kilekile cha lovastatini, ambayo nayo ni statini. Ukimpa mtu anayemeza atovastatini umemzidishia dozi bila kujua.

Dada Binti, mimi nakuja na la miguu yenyewe, maana nimefunga vidonda vingi mno vya watu wa kisukari. Mama akague nyayo za mzee kila jioni, chini na katikati ya vidole, kwa tochi ya simu. Asitembee peku, hata ndani, na hiyo sakafu ya usiku aikanyage akiwa amekaa tu, asiizungukie nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu akikung'ute, kokoto moja ndani ya kiatu cha mtu mwenye ganzi inaweza kumla nyama kutwa nzima na asijue. Na tafadhali asiloweke miguu kwenye maji ya moto na chumvi. Nimeona malengelenge ya kuungua ambayo mgonjwa aliyagundua kesho yake kwa sababu soksi ilikuwa imelowa.

Babu Mkuyuni
Mwanangu BintiMwanga, mimi ninao moto huo huo, kisukari ni rafiki wa siku nyingi. Kilichonisaidia kulala ni amitriptilini kidogo usiku, niliandikiwa na daktari baada ya kupimwa moyo. Paracetamol na diklofenaki hazikunifaa kitu. Mzee kwa kuwa amepata kiharusi, hiyo asijinunulie, aende aandikiwe, wapo wanaopewa pregabalini badala yake. Na msimseme kwa kukataa dawa. Mtu asiyelala usiku hutafuta wa kumlaumu, na kidonge cha mwisho kuingia ndicho kinachobeba lawama.

BintiMwanga
Shikamoo babu. Nimemsomea mzee maneno yako kwa simu, alinyamaza kidogo halafu akasema "huyo anaelewa". Amekubali kuendelea na dawa mpaka apimwe. Kaka yangu anampeleka Jumatatu.

BintiMwanga
Wakuu, mrejesho. Vipimo vimetoka. B12 ni 148, maabara wameandika iko chini. HbA1c 9.6. Tezi na CK viko sawa, figo daktari amesema zinafanya kazi. Alimgusa nyayo kwa kiuzi fulani kigumu huku mzee kafumba macho, sehemu za mbele za nyayo hakusikia kabisa, mama alitoa machozi.

Daktari amesema atovastatini ibaki. Ameanza sindano za B12, amemwongezea dawa ya sukari, amempa pregabalini kipimo kidogo ya usiku, na omeprazo anampunguzia taratibu huku akiangalia tumbo. Metformini inaendelea. Kuhusu statini amesema kama B12 ikikaa vizuri na sukari ikishuka na bado moto unapanda, watazungumza kuhusu kubadili aina, ila mzee asiache peke yake nyumbani.

Swali la mwisho: moto utaondoka lini? Mzee ananiuliza mimi.

Mfamasia wa Zamu
Mwambie ukweli, dada. Mishipa ya fahamu hupona polepole, kwa miezi. Moto unaweza kutangulia kupungua, ganzi ikabaki nyuma, na sehemu ya ganzi ya muda mrefu inaweza isirudi yote. Sukari nayo ishushwe kwa hatua kama daktari alivyopanga. Ikiporomoshwa haraka mno maumivu ya neva yanaweza kuzidi kwa muda, na mzee akaona dawa mpya nayo imemgeuka. Pregabalini itamlewesha kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo akiamka usiku kwenda chooni taa iwashwe na mtu awe macho. Sindano asikatishe akiona nafuu, kwa kuwa metformini bado anaimeza, na B12 ipimwe tena kadiri watakavyompangia.

Nesi Upendo
Na viatu, dada. Mnunulieni vya kufunika vidole, vyenye nafasi mbele, na mwende kuvijaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo. Kandambili muziweke kando.